Kurekebisha jeni za mtoto mwenye selimundu: tuharakishe au tusubiri?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mwanangu wa miaka 13 ana selimundu. Maumivu yakimshika hulia usiku kucha ameishika miguu, na mwisho wake ni kulazwa. Shemeji yangu aliyeko Marekani ametuambia ipo tiba ya kurekebisha jeni. Mume wangu anataka tuuze nyumba. Tumeona pia kwenye simu kliniki ya nje inayotangaza kuifanya kwa bei nafuu. Baba mkwe amekataa, anasema huko ni kubadili maumbile ya Allah. Tufanyeje? Mama, Tanga.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu, ahli zake na sahaba zake. Amma baad. Mama, Allah amjaalie mwanao shifaa.

Nianze na mzee, kwani hofu yake ina msingi. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 119, Shetani anaapa kuwa atawaamrisha watu wabadili alivyoumba Allah. Lakini kumrudishia mgonjwa siha aliyoikosa hakuingii humo. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, akaweka pua ya fedha, ikanuka, Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Ameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Tazama: dhahabu ni haramu kwa mwanamume, lakini kwa haja ya tiba ikaruhusiwa. Na Mtume amesema tujitibu, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa. Basi mwambieni mzee, kwa adabu, kwamba asili ya jambo hili ni halali.

Sasa tiba yenyewe. Iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12. Madaktari huchukua seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe, yaani zile zinazozaa chembe za damu, wakazima sehemu ya jeni ili mwili urudie kutengeneza himoglobini ile aliyokuwa nayo tumboni mwa mama yake, ambayo haipindi chembe za damu kama ifanyavyo ile ya selimundu. Katika wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha, 29 walipata walau mwaka mzima bila maumivu makali. Alhamdulillah, hiyo ni neema kubwa.

Lakini kabla ya kurudishiwa seli hizo, uloto wake wa zamani, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, huuliwa kwa dawa kali za saratani, na dawa hizo zinaweza kumfanya asizae. Tiba nyingine ya jeni iliyoidhinishwa Marekani siku hiyo hiyo ina onyo rasmi la saratani ya damu. Kwa hiyo, mama, hapa kunapimwa kuhifadhi nafsi na kuhifadhi kizazi, na yote mawili ni katika makusudio ya sheria. Nafsi hutangulia ikiwa hatarini. Hata hivyo kijana aelezwe na aulizwe. Wa miaka 13 huenda ameshabaleghe, na mwili ni wake.

Jambo jingine ni kugusa jeni za mimba, zinazorithiwa na vizazi. Mwaka 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza mapacha waliozaliwa hivyo, na mwaka uliofuata mahakama ikamfunga miaka 3. Huko sioni ruhusa leo: ikitokea hitilafu, atakayeibeba ni asiyeulizwa na wajukuu wake. Kwa mwanao, kinachorekebishwa ni damu yake mwenyewe.

Kuhusu nyumba, tiba hii Marekani ilitangazwa kwa dola milioni 2.2. Kuuza nyumba hakutaifikia, na wengine nyumbani watakosa pa kukaa; Mtume amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Na ile kliniki ya simu, kaeni mbali nayo. Mtume amesema anayejifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini, yaani hudaiwa madhara aliyoyasababisha. Ikiwa tabibu bandia anadaiwa dhamana, itakuwaje kwa anayempelekea mtoto huku akijua?

Kinachonisikitisha ni kwamba haraka yetu mara nyingi huenda kwenye cha mbali, na cha karibu tunakifanyia uvivu. Ulizeni leo kuhusu vidonge vya haidroksiurea. Utafiti kwa watoto uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha vinapunguza maumivu, malaria na vifo. Kwa dawa iliyothibitika namna hii, na daktari akiona inamfaa, kuchelewa ndiko kunakolaumiwa. Pamoja nayo chandarua kila usiku, maji ya kutosha, na tarehe ya kliniki isirukwe hata akiwa mzima anacheza. Subira ni ya ile tiba ngeni: fuatilieni habari zake kwa madaktari wake, na salini istikhara mlango ukifunguka.

Kati ya mawili hayo upo upandikizaji wa uloto kutoka kwa mtu mwingine, ambao Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshaanza kuwafanyia watoto wenye selimundu. Nao una hatari zake na dawa kali, lakini umezoeleka zaidi duniani. Kutoa uloto kunajuzu mtoaji asipodhurika, kwani mwili wake huutengeneza upya. Muulizeni daktari kama ndugu zake wa baba na mama mmoja wapimwe.

Wallahu a'lam.