Pesa za video hutoka wapi? Mama anajibu barua zenu

*Mama, shikamoo. Mimi ni mpishi hapa Kilifi. Narekodi kwa simu nikipika mahamri, mbaazi za nazi na samaki wa kupaka. Chaneli yangu ya YouTube ina wafuatiliaji 1,300, na video yangu moja fupi ya mahamri imetazamwa mara 40,000. Matangazo nayaona yakipita kwenye video zangu, lakini sijapata hata shilingi. Sasa kijana mmoja amenitumia ujumbe kwamba nikimpa shilingi 6,000 ataniletea saa zote za kutazamwa zinazopungua ndani ya wiki moja. Nimpe?*
Mpishi, Kilifi

Marahaba, mwanangu. Usimpe. Hizo 6,000 nunua taa ya kurekodia na nazi za wiki nzima.

Pesa ya YouTube haitoki kwa mtu aliyebonyeza kukufuata. Inatoka kwa mwenye tangazo, awe ni benki au kiwanda cha sabuni, ambaye hulipa tangazo lake linapoonyeshwa kabla ya video yako au katikati yake. Katika pesa hiyo wewe fungu lako ni asilimia 55, YouTube wanabaki na 45. Kwa video fupi za Shorts mambo yako vingine: pesa za matangazo hukusanywa pamoja, hugawanywa kulingana na video zilivyotazamwa, na mwenye video hupewa asilimia 45 ya fungu lake. Lakini hayo yote ni ya chaneli iliyokubaliwa kwenye mpango wa washirika. Tangu mwishoni mwa 2020 YouTube wamejipa ruhusa ya kuweka matangazo hata kwenye chaneli ambazo bado hazijakubaliwa, na pesa hiyo ni yao. Hayo ndiyo unayoyaona.

Ili ukubaliwe kugawiwa pesa za matangazo unatakiwa uwe na wafuatiliaji 1,000, ambao tayari unao, na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12 iliyopita. Kama si saa hizo, basi Shorts zako zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Tazama ilipo shida yako: zile mara 40,000 za mahamri watu walizitazama wakipitisha kidole kwenye Shorts, na muda huo hauingii kabisa kwenye zile saa 4,000. Kwa milioni 10 nako bado ni mbali mno.

Basi piga hesabu hii. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Mtu akikaa nawe dakika nne kwenye video ndefu, unahitaji kutazamwa mara 60,000 kwa mwaka, kwa video zako zote. Akikaa dakika nane, ni mara 30,000. Kwa hiyo mpike yule samaki wa kupaka mwanzo hadi mwisho: mkaa unavyowashwa, tui zito linavyotengwa na tui jepesi, lini ukwaju unaingia na kwa nini si mapema. Huwa nawahariria wapishi na mafundi cherehani video zao hapa Mombasa, na mahali watazamaji wanapotoroka ni pale mpishi anaposema “weka viungo” bila kuvitaja. Taja kila kitu. Video ikifika dakika nane inaweza pia kuwekewa tangazo katikati, ila usiivute kwa maneno matupu ili tu ifike huko. Watu wakikimbia, hizo dakika hazikusaidii.

Na yule kijana? Saa anazouza ni za mashine au za watu waliolipwa kuacha simu zikicheza. YouTube hukagua chaneli kabla ya kuikubali, na saa za uongo huzifuta. Ukikataliwa mara ya kwanza, utasubiri siku 30 kabla ya kuomba tena, na chaneli inayonunua watazamaji inaweza kufungwa kabisa. Naumia nikiona mama aliyeamka alfajiri kukanda unga akichukuliwa pesa yake na mtu wa namna hii.

Tena ujue, hata ukikubaliwa matangazo hayatakulisha mwaka wa kwanza. Bei yake hupatikana kwa mnada. Mtazamaji aliye Marekani au Uingereza kwa kawaida huleta zaidi kuliko wa Malindi, na Januari malipo hushuka baada ya kampuni kumaliza bajeti za Krismasi. Wewe una kitu cha kuuza sasa hivi. Andika chini ya kila video kwamba unapokea oda za shughuli, na weka namba yako ya till. Fundisha mapishi Jumamosi kwa malipo. Kiwanda cha unga kikikutafuta, mkubaliane kwa maandishi, ujaze kwenye YouTube kwamba video ina tangazo la kulipiwa, na ukumbuke kwamba tangu Sheria ya Fedha ya 2023 malipo ya namna hiyo Kenya hukatwa kodi ya zuio, yaani inayokatwa na mlipaji kabla hujapokea, ya asilimia 5. Dai cheti cha makato hayo.

*Mama, naweka mabao ya Ligi Kuu ya Uingereza niliyorekodi kwenye runinga, natia muziki juu. Yanatazamwa sana ila pesa haziji. Nifanyeje?*
Kijana wa mpira, Mwanza

Mwanangu, mabao hayo yana wenyewe. Tangu 2007 YouTube wana mfumo uitwao Content ID unaolinganisha picha na sauti ya kila video na zile zilizosajiliwa na wenye haki. Mfumo huo ukigundua wizi, mwenye mali huchagua: aifunge video, au aiache na achukue yeye pesa ya matangazo. Muziki uliotia juu mara nyingi unakuongezea mdai wa pili. Ukipata maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90, chaneli inaondoka. Una macho ya mpira, tumia hayo. Chora uwanja kwenye ubao, ueleze kwa sauti yako bao lilivyopatikana. Au nenda kwenye mechi za ndondo za mtaani kwako, uombe ruhusa kwa waandaaji, urekodi mwenyewe.

*Shikamoo Mama. Chaneli yangu imekubaliwa tangu mwaka jana. Naona dola 74 kwenye akaunti, mbona benki kimya?*
Fundi simu, Nakuru

Marahaba. YouTube hawatumi chochote mpaka ufikishe dola 100, kisha hutuma kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Ulipopita dola 10 walituma kwa posta barua yenye pini ya kuthibitisha anwani. Kama hukuipata, kagua sanduku la posta uliloandika, rekebisha, uombe nyingine. Jaza pia fomu ya kodi ya Marekani. Tangu Juni 2021 hukata kodi kwenye pesa zinazotokana na watazamaji wa huko, na kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, makato ni asilimia 30 ya sehemu hiyo tu. Usipojaza, wanaweza kukata kwenye mapato yako yote, hata ya watazamaji wa Nakuru. Na kabla hujaweka akaunti ya benki, iulize benki inatoza kiasi gani kupokea dola kutoka nje. Benki hazitozi sawa.