Uliza Shangazi: Pambo la mpangaji lazima lijue kuhama

*Shangazi, salaam. Nimepanga chumba kimoja hapa Walukuba. Dirisha ni moja na linatazamana na ukuta wa jirani, sakafu ni ya saruji, rangi ya kuta imechakaa. Mwenye nyumba hataki nipake rangi wala nipigilie msumari. Nina shilingi 60,000 na hamu kubwa ya kukipendezesha chumba kwa maua na vitu vya mikono. Nianzie wapi?*
Mpangaji, Jinja

Mwanangu, anzia kwenye pazia, na sisemi la dirishani. Nasema lile linalotenga kitanda na viti. Katika chumba kimoja huo ndio ukuta ambao mgeni anautazama tangu anapokaribishwa hadi anapoaga, lakini wengi hutundika hapo shuka iliyopauka. Fedha yako iende hapo. Kitenge kizima ni yadi 6. Kata vipande viwili vya mita mbili na ushei, viungwe ubavu kwa ubavu, nawe una pazia la upana wa mita mbili na zaidi. Kinachobaki kinatosha foronya mbili za mito ya viti.

La kutundikia? Kagua kuta vizuri. Mimi sijaona chumba cha kupanga nchi hii kisicho na misumari ya wapangaji waliotangulia, na hiyo hukuipiga wewe. Kaza waya kutoka msumari hadi msumari. Usipoiona, simamisha mianzi miwili ndani ya makopo ya rangi yaliyojazwa zege, ulaze wa tatu juu. Siku ya kuhama unaondoka na mianzi yako. Mpangaji apime kila pambo kwa swali hilo: je, litaondoka nami? Nimelelewa kota za reli Tororo, ambako baba akihamishwa kituo, sebule nzima ilifungwa ndani ya mkeka. Rangi ukutani ni zawadi kwa mwenye nyumba, na kwako hata hiyo zawadi haitakiwi.

Dirishani fanya kinyume. Kitenge cha rangi nzito kitakula mwanga mdogo ulio nao, kwa hiyo weka kitambaa cheupe chepesi, tena kifupi. Kioo chako cha kujitazamia kiegemeze ukuta unaokabili dirisha, kirudishe mwanga ndani.

Sasa maua. Saa sita mchana zima taa, ukae mahali unapotaka kuweka mmea, ushike gazeti. Ukishindwa kusoma, mmea nao hautaishi hapo muda mrefu. Dawa yake ni zamu: kuwa na mikebe miwili miwili, mmoja ndani, mwenzake barazani chini ya paa, ubadilishane kila wiki. Barazani iweke juu, maana mbuzi wa jirani hajui kama ni pambo.

Miche usinunue. Omba tawi la mani planti, ule mmea wa kutambaa wenye majani ya umbo la moyo, kwa yeyote mwenye nayo. Hustawi hata penye mwanga hafifu. Kata chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea kwenye shina, kwa sababu mizizi hutokea kwenye kifundo chenyewe, ondoa majani yatakayozama, kisha litie kwenye chupa ya maji. Badilisha maji kila wiki. Unaweza kuliacha humo humo miezi mingi, na chupa safi dirishani inapendeza kuliko vyungu vingi ninavyoviona vikiuzwa kando ya barabara.

Ukitaka udongo, tumia jerikeni la mafuta ya kupikia la lita 5. Lioshe kwa sabuni hadi utelezi uishe, likate shingo, litoboe matundu matano au sita chini kwa msumari wa moto, nje ya nyumba kwa sababu ya moshi. Changanya udongo mabeseni mawili, mchanga beseni moja, samadi kavu beseni moja. Samadi mbichi huunguza mizizi. Jerikeni lenyewe livike kamba ya nyuzi kavu za mgomba, uizungushe kutoka chini kwenda juu, au liviringe vipande vya vitenge. Vipande hivyo viko chini ya cherehani ya fundi yeyote, na jioni huvifagia. Muombe kabla hajavitupa.

Maua ya plastiki siyasemi sana. Ukiyapenda, basi yaoshe. Vumbi lake ndilo linalonikera kuliko plastiki yenyewe.

*Shangazi, nilitundika lubugo, kitambaa cha gome la mti, sebuleni, kipande kikubwa nilichokinunua pande za Masaka. Mama mkwe alipofika hakutaka kuketi. Alisema nimetundika sanda. Nifanye nini na nimeshalipa?*
Mkaza mwana, Kampala

Mama mkwe hakukosea, mwanangu. Buganda humzika mtu kwa lubugo, na mzee aliyezika wengi hawezi kuliona likining'inia ukutani akawazia sebule. Lakini kuzikia si kazi pekee ya lubugo. Kabaka Ronald Mutebi, mfalme wa Buganda, alipotawazwa mwaka 1993 alivaa lubugo, na UNESCO imeuweka ufundi wake katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika tangu 2008. Mutuba, mti wa lubugo, ukibanduliwa gome hufungwa majani ya mgomba, ukaota gome jingine. Kitambaa cha namna hiyo hakistahili kurudishwa sandukuni.

Kinachomtisha ni ukubwa. Shuka nzima inayoning'inia ni sanda, kipande chini ya sahani si sanda. Likate: vitandiko vya meza, fremu za picha, pindo la pazia, ganda la daftari. Shonea kitambaa cha pamba nyuma, maana lubugo peke yake huchanika likivutwa. Usilifue kwa sabuni wala usilisugue. Pangusa vumbi kwa brashi laini na uliweke pakavu. Na kabla hujakata, mwambie mama mkwe unachokusudia. Huenda ana la kukufundisha kuhusu kulishona.

*Mume wangu hataki mimea chumbani. Anasema usiku hunyonya hewa, na tunalala na mtoto anayetambaa. Kweli?*
Mama wa mtoto, Busia

Mimea hutumia oksijeni usiku, ila kidogo mno. Mume wako peke yake anatumia nyingi kuliko vyungu vyako vyote. Kinachoua chumbani ni sigiri yenye makaa iliyoingizwa ndani kwa ajili ya joto, milango ikafungwa. Kama anaogopa hewa, aanze na hiyo.

Lakini kwa sababu ya mtoto, mimea mingine kweli isikae sakafuni. Mani planti, na ile yenye majani mapana ya kijani yenye madoa meupe na shina nene, zina chembe kali zinazochoma mdomo na kuvimbisha ulimi. Utomvu wa mnyaa huumiza macho. Tundika juu, au panda mchaichai kwenye mkebe karibu na mlango. Visahani vya chini ya mikebe vimwage kila baada ya siku mbili tatu, mbu wasitage humo. Mtoto akitafuna jani, mpanguse mdomo, mpe maji, na ukiona uvimbe au anapumua kwa shida, mkimbize kituo cha afya pamoja na jani lenyewe.