Nani alipima? Kwa mnaoandika tasnifu za tabianchi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa chuo, mwenyeji wa Pangani, aliniandikia: "Shikamoo kaka. Msimamizi wangu anataka sura ya kwanza nianze na Kisiwa cha Maziwe kilivyozamishwa na mabadiliko ya tabianchi. Nimesikia wewe una neno juu ya kisiwa hicho."

Marahaba. Neno ninalo. Ninalo tangu zamani na limenigharimu, kwa hiyo vuta kiti mdogo wangu.

Kwa wasio wa mkoa wa Tanga: Maziwe leo ni fungu la mchanga tu, baharini mbele ya Pangani. Maji yakipwa wageni wanapelekwa kwa boti, wanaogelea kwenye matumbawe, wanapiga picha, na maji yakianza kujaa wanarudi kwa sababu hapabaki pa kukanyaga. Zamani kilikuwa kisiwa hasa, chenye mivinje, na kasa walipanda kutaga hapo kwa wingi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 miti yake ilikuwa imeshakwisha kuanguka.

Sasa fungua nyaraka rasmi. Maziwe inapata mstari mmoja: kisiwa kimezama kwa kuongezeka kwa kina cha bahari. Mstari huo umehama kutoka ripoti hadi ripoti, ukaingia kwenye hotuba, kwenye maandiko ya miradi, kwenye tasnifu za wenzako waliokutangulia. Kila anayeuandika anamtaja aliyeuandika kabla yake. Ukifuata kamba hiyo mpaka mwisho hukuti mtu mwenye kipimo mkononi.

Mimi niliifuata. Wakati huo nilikuwa naingiza takwimu za madodoso kwenye mradi mmoja wa mwambao, cheo cha mwisho kabisa mezani, na kwenye kikao cha kupitia rasimu nikanyoosha mkono. Nikauliza, huu mstari wa Maziwe nani alipima? Kiongozi wa timu akanitazama juu ya miwani. "Kijana, unataka kutufukuzia wafadhili?" Ukumbi mzima ukacheka. Nikaendelea kusimama, nikasema ipo ripoti ya mwaka 1992 ya Mpango wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa inayohusu kisiwa hichohicho, na kichwa chake chenyewe kinazungumzia "sababu zinazowezekana", yaani zaidi ya moja, na wapo wanaotaja kukatwa kwa mivinje iliyoushika ule mchanga. Nikaambiwa tuna ajenda nyingi, chai imeshafika.

Rasimu ya mwisho ilipotoka nikatafuta jina langu kwenye orodha ya walioshiriki. Dereva alikuwepo (na alistahili, ndiye aliyetutoa kwenye tope la Mwera). Mimi simo. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa, na sikupewa sababu. Wanaonijua wanasema nimeshasahau. Sijasahau.

Hesabu yenyewe mtu yeyote anaweza kuipiga. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, hili mnaloliita IPCC, lilieleza mwaka 2021 kwamba kina cha bahari duniani kiliongezeka kwa wastani wa sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. Kasi haikuwa moja: milimita 1.3 kwa mwaka hadi 1971, halafu ikapanda hadi kufikia milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Kwa hiyo mivinje ya Maziwe inaisha, bahari ilikuwa imepanda kama sentimita 10. Na huku kwetu siku za bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 kwa saa sita. Sentimita 10 zinaweza kuongeza mmomonyoko, sikatai. Ila kukimeza kisiwa zenyewe peke yake, hapo anayedai ndiye alete ushahidi. Na aulete kutoka wapi? Kipimo cha maji cha bandari ya Unguja, ambacho ndicho watafiti wanakitegemea sana kwa ukanda huu, mfululizo wake unaanza miaka ya 1980. Kisiwa kilikuwa kimeshaondoka.

Mwezi uliopita nimeletewa toleo jipya la ripoti ileile. Ule mstari umebadilika. Sasa unasema sababu zinazotajwa ni pamoja na mmomonyoko, upotevu wa miti na kuongezeka kwa kina cha bahari. "Ni pamoja na"! Niliusoma nikiwa pale Raskazone, Tanga mjini, nikaurudia kwa sauti mpaka muuza madafu akaniuliza kama nimefaulu mtihani. Nikamwambia ndiyo. Jina langu bado halimo, lakini maneno ni yangu, na aliyekuwa kikaoni siku ile anajua.

Basi ushauri wangu. Kwanza, uliza nani alipima. Utafiti ni mtu aliyekwenda, akapima, akaandika alivyopima ili mwingine aweze kumkosoa. IPCC, tangu ilipoundwa mwaka 1988, haifanyi utafiti wake yenyewe, inapima uzito wa tafiti za wengine. Ile sehemu ya sayansi ya 2021 iliandikwa na waandishi 234 na kurejea machapisho zaidi ya 14,000. Muhtasari wake kwa watunga sera hupitishwa na wajumbe wa serikali mstari kwa mstari, kwa hiyo usiishie hapo, shuka kwenye sura. Ripoti ya taifa inayopitia Ofisi ya Makamu wa Rais kwenda Umoja wa Mataifa ni kitu kingine tena: inaeleza nchi imeathirikaje, imefanya nini na inahitaji nini. Ni nyaraka muhimu, wapo waliokesha wakiiandika. Lakini siyo kipimo.

Pili, uliza tena nani alipima, hata kama aliyesema ni mkubwa. Ripoti ya IPCC ya 2007 iliandika kwamba barafu ya Himalaya ingeweza kutoweka ifikapo 2035. Januari 2010 ikabidi wakiri kwamba sentensi hiyo haikuwa na msingi. Ilitoka kwenye ripoti ya shirika la uhifadhi, na shirika nalo liliitoa kwenye gazeti la sayansi. Kama yaliwakuta wale wenye wahakiki dunia nzima, mradi wa wilaya utaponea wapi?

Na asitokee mtu akachukua maneno yangu akasema joto la dunia ni uongo wa wazungu. Dunia imepata joto la nyuzi 1.1 ukilinganisha miaka ya 2011 hadi 2020 na ile ya 1850 hadi 1900, na chanzo ni binadamu. Hapo ushahidi umejaa mpaka juu. Ndiyo maana linaniuma jambo lenye ushahidi wa kutosha kupambwa kwa mfano uliookotwa. Siku mpinzani akiubomoa mfano, wasikilizaji wanaona nyumba nzima imeanguka.

Vijana, acheni uvivu wa kunakili! Chumvi inapanda Mto Pangani, minazi ya kingoni inakauka, na ninyi mnaandika "tabianchi" mnaenda kula. Je, maji yanayozuiwa na kutumika huko juu, kuanzia bwawa la Nyumba ya Mungu na mashamba ya umwagiliaji, mmeyahesabu? Mto ukipungua nguvu, bahari inaingia. Inawezekana sababu zote mbili zipo. Basi andika zote mbili, useme ipi imepimwa na ipi inadhaniwa. Omba takwimu za mvua Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa barua ya chuo. Nenda Bweni ukawaulize wazee, ila uandike kwamba ni kumbukumbu za wazee.

Msimamizi wako usigombane naye, mimi nilishagombana kwa niaba yenu. Mpelekee aya yenye sababu zote tatu za Maziwe na ile ripoti ya 1992 chini yake, umwache aamue.

Jambo la mwisho, kwa mliokwisha kuhitimu. Rasimu za IPCC huwa zinafunguliwa kwa wahakiki, na mwenye ujuzi wa eneo husika anajiandikisha mwenyewe mtandaoni bila kutumwa na bosi. Sehemu ile ya 2021 ilipokea maoni zaidi ya 78,000, na waandishi walitakiwa kuyajibu yote. Mtanzania mwenzetu, Dk. Ladislaus Chang'a, ni mmoja wa makamu wenyeviti wa jopo hilo tangu 2023, kwa hiyo msiseme ni mambo ya watu wa mbali. Posho hakuna. Jina linachapwa.