Maswali na Majibu: Kiboko Anayenata, Simba Asiye na Manyoya ya Shingoni na Mengine ya Mezani

Niliposema hapa kwamba wanyama wa plastiki wa kuuzwa kwa fungu wanafaa kabisa kwa michezo ya mezani, ile ya vita na safari inayochezwa kwa sanamu ndogo, rula na dadu, sikutegemea kisanduku changu kingejaa namna hii. Nayajibu yale yaliyojirudia zaidi.

Fundi, nilimpulizia kiboko wangu rangi nyeusi ya kopo, ile ya kupakia vyuma. Wiki ya tatu hii bado ananata. Nimemwanika juani, wapi! Ni joto la Tanga au nimeuziwa rangi feki?

Tanga haina kosa, na rangi yako huenda haina kosa pia. Tatizo ni kiboko mwenyewe. Wanyama wengi wa aina hii, hasa wale ukiwabonyeza wanabonyea kidogo, ni wa PVC laini, jamii ya plastiki ya mabomba ya maji. PVC kwa asili yake ni ngumu; kiwandani huchanganywa na mafuta ya kuilainisha, na mafuta hayo hayatulii humo moja kwa moja. Ukipuliza rangi yenye thina, ile thina inakutana na mafuta hayo, rangi inalainika kutokea chini, na juu inabaki na ulimbo usiokauka. Juani ndiyo unazidisha, maana joto linayavuta mafuta nje. Hata ungesubiri mpaka Krismasi, utabaki unaokota nywele na vumbi mgongoni mwa kiboko.

Msugue kwa mswaki wa zamani, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uondoe kinachoondoka. Kisichoondoka kifunike kwa vanishi ya akriliki, ile ya kuzimuliwa kwa maji, tabaka mbili nyembamba. Mara nyingi inatosha. Usijaribu petroli wala thina, utayeyusha na masikio.

Wa pili usimpulizie. Mwoshe kwanza, kwa sababu plastiki hutoka kwenye kalibu na utelezi wake, kisha mpake andakoti, yaani rangi ya kwanza ya chini, ya akriliki kwa brashi. Akriliki ya maji haina ugomvi na PVC.

Na kabla ya yote, jua umeshika plastiki gani. Kata kipande kidogo kwenye mshono wa tumbo, kidogo kama punje ya mchele, kitumbukize kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. Kikizama, karibu hakika ni PVC. Kikielea, ni polithini, ndugu na wale askari wa kijani wa pakiti. Usimtumbukize mnyama mzima. Wengi wana uwazi tumboni, wataelea tu na kukudanganya. Polithini ina utelezi kama wa nta, rangi haiishiki: inakauka vizuri, halafu siku ya mchezo inabanduka magamba kwenye miguu. Wapakaji wa askari wa plastiki hutanguliza gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa kwa maji, ikauke iwe ngozi, ndipo rangi ipande juu yake. Hata hivyo, mimi polithini huwaachia wanaoipenda.

Shikamoo. Kwenye pakiti moja nimekuta simba na tembo wana kimo kimoja. Nitajuaje yupi anafaa kusimama na askari wangu wenye kimo cha milimita 28?

Marahaba. Pakiti zile hazijui vipimo. Kila mnyama ametengenezwa ajae kiganjani. Kwa sanamu za milimita 28, chukua kimo cha mnyama wa kweli ugawe kwa 56. Kwa kichwa tu: kila mita moja ya porini ni sentimita 1.8 mezani.

Tembo dume wa mita 3.2 begani anakuwa sentimita 5.7. Nyati wa mita moja na nusu, sentimita 2.7. Twiga dume anakaribia 10, na mamba wa mita nne ana urefu wa 7 tu, tofauti na wale wa dukani wanaoweza kumeza mtumbwi. Nenda dukani na rula mfukoni. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Aliyezidi kimo usimtupe. Kwenye michezo ya majini na wachawi, mjusi wa plastiki wa sentimita 12 ni joka tayari, na nge hahitaji hata kupimwa.

Nataka kuandaa mchezo wa simba wa Tsavo na reli ya Uganda, lakini simba wote madukani wana manyoya ya shingoni. Nimesoma kwamba wale hawakuwa nayo. Ni kweli?

Ni kweli. Walikuwa madume wawili, na wote hawakuwa na manyoya ya shingoni. Mwaka 1898 waliwala wafanyakazi waliokuwa wakijenga daraja la Mto Tsavo, mpaka John Henry Patterson, mhandisi aliyesimamia ujenzi huo, alipowaua Desemba mwaka huohuo. Leo wako kwenye jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago. Ukimpaka dume mwenye shungi la dhahabu ukamwita wa Tsavo, yupo mtu atakayekusahihisha mbele ya watu.

Patterson aliandika kwamba wa kwanza alikuwa na futi 9 na inchi 8 toka pua hadi ncha ya mkia, na futi 3 na inchi 9 kwa kimo. Kwa hesabu yetu, huyo ni sentimita 5.3 kwa 2. Tafuta jike la ukubwa huo, kazi imekwisha nusu. Kama una dume tu, mtie kwenye maji ya moto kwa dakika moja alainike, umchonge manyoya kwa kisu chenye makali mapya, ukianzia nyuma ya sikio kushuka kifuani, vipande vyembamba. Ukikata kwa pupa utaondoka na taya. Panapobaki mashimo jaza epoksi ya kufinyanga, na kabla haijakauka ipitishe sindano kufuata mwelekeo wa manyoya mafupi.

Rangi yake ni ya mchanga uliofifia, tumbo jeupe kidogo. Ile rangi ya chungwa ya kiwandani haina simba duniani. Macho yawe ya kaharabu iliyoiva, siyo meupe. Mezani, mtu akiwa umbali wa mkono, jicho jeupe linamfanya mnyama yeyote aonekane ameshtushwa na jambo.

Tembo ni kijivu gani? Nimechanganya kijivu tatu, zote zinaonekana kama saruji.

Kwa sababu tembo haonekani kwa rangi ya ngozi yake, anaonekana kwa udongo anaojimwagia. Tembo wa Tsavo ni wekundu, wa Amboseli wamepauka kwa vumbi la ziwa lililokauka. Kwa hiyo anza na kitako, yaani kile kibao anachosimamia mnyama: amua ardhi ya meza yako ni ipi, kisha umpe tembo ardhi hiyohiyo.

Andakoti iwe kijivu cha kuelekea nyeusi. Juu yake pitisha kahawia iliyozimuliwa mpaka iwe kama chai ya rangi. Itajikusanya yenyewe kwenye makunyanzi. Ikishakauka, chovya brashi ya zamani kwenye rangi ya udongo, ifute kwenye kitambaa mpaka udhani haina kitu tena, ndipo uipitishe mgongoni kukatisha makunyanzi, siyo kuyafuata. Rangi inashika vilele tu. Zidisha mgongoni, kichwani na magotini, punguza tumboni. Pembe zisiwe nyeupe: maziwa yaliyotiwa njano kidogo, na kahawia pale zinapotokea mdomoni.

Kifaru na nyati wanafuata njia hiyohiyo. Punda milia ndiye mtihani. Wa kawaida, milia yake inazunguka hadi tumboni na kuingia kwenye manyoya ya shingo; yule wa Samburu na Laikipia ana milia myembamba na tumbo jeupe. Chagua mmoja, ufungue picha mbele yako, usipake kwa kukumbuka.

Je, lazima ninunue zile rangi za bei mbaya za wanaocheza mchezo huu?

Hapana. Akriliki ya tyubu ya duka la vifaa vya shule inatosha, ila izimue na upake mara mbili. Hela yako iweke kwenye brashi moja nzuri nyembamba. Rangi ya mafuta ya madirisha usiikaribishe.

Miguu ya twiga wangu imepinda, anaegemea kama mlevi.

Maji ya moto, mnyooshe, maji ya baridi papo hapo. Kisha mgundishe kwenye kitako kabla hajapata mawazo mengine.

Rafiki zangu wananicheka kwamba nachezea midoli ya watoto. Niwajibu nini?

Waambie habari za Gary Gygax, mmoja wa waliotunga Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974. Kabla yake, aliwahi kumgeuza dinosaria wa plastiki kuwa joka la mezani. Na baadhi ya majini ya mchezo huo, akiwemo yule dubu mwenye kichwa cha bundi, yalitokana na pakiti ya midoli ya bei poa iliyotengenezwa Hong Kong. Hata kwetu tumo: mchezo uitwao Congo, wa Studio Tomahawk ya Ufaransa, una msafara wa Usultani wa Zanzibar. Unaitazama Afrika kwa jicho la wapelelezi wa Kizungu wa karne ya 19, jambo linaloniudhi, lakini hao Wazanzibari nimewapaka na ninawachezesha.

Mtoto wangu wa mwaka mmoja na nusu kamnyakua duma niliyempaka, kamtia mdomoni. Nifanye nini?

Mnyang'anye, umsafishe mdomo, uangalie kama rangi au kipande kimebanduka. Akionekana hayuko sawa, mpeleke hospitali pamoja na kopo la rangi uliyotumia. Kuanzia leo hesabu duma huyo kuwa sanamu, siyo mdoli, hata ukimpaka vanishi. Kati ya mafuta ya kulainishia PVC niliyoyataja juu, yamo ya jamii ya fthaleti, kemikali zinazohofiwa kudhuru afya, ambayo Umoja wa Ulaya uliyawekea mipaka kwenye midoli mwaka 2005, na midoli ya mtumba mingi ni ya zamani kuliko hapo. Mnunulie mtoto wa kwake, wako wafungie kwenye kabati la juu.