Nimegawanya kila kitu kwa 35, mbona kibanda bado kinafanana na cha kuchezea?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimejenga kwa mikono kibanda cha kuuzia magazeti, skeli ya 1:35, nikiweke kando ya mtaa kwenye dayorama yangu, yaani mandhari ndogo ya kuigiza. Kuta ni bodi ya foamu ya milimita 3, ile yenye foamu katikati na karatasi pande zote mbili. Paa ni katoni niliyoibandua karatasi ya juu ili migongo ionekane kama bati, na fremu ni vijiti vya aiskrimu. Urefu, upana na mlango vyote nimevigawanya kwa 35 na kuvihakiki. Hata hivyo nikisimamisha sanamu ya mtu pembeni, kibanda kinaonekana cha kuchezea. Nimeshauriwa nikizidishie kutu na vumbi. Je, itasaidia? Halafu, kwa nini ukuta mmoja umejipinda gundi ilipokauka?

JIBU: Weka brashi chini kwanza. Hesabu uliyofanya ni sahihi: kibanda cha mita 2.4 kinatoa milimita 68 na nusu, mlango wa mita 2 unatoa 57, na mtu wa mita 1.75 anatoa 50. Ambacho hukukigawanya kwa 35 ni unene. Ndilo kosa ninaloletewa kuliko mengine yote, na karibu kila mara mwenye kazi anaapa kwamba amepima kila kitu. Amepima urefu na upana. Unene ameuacha uamuliwe na chochote kilichokuwa mezani.

Hebu igeuze hesabu, uzidishe badala ya kugawanya. Bodi ya milimita 3 mara 35 ni ukuta wa sentimita 10 na nusu. Huo ni ukuta wa matofali. Ubao wa kibanda hauzidi sana sentimita 2 na nusu. Kijiti cha aiskrimu chenye upana wa milimita 10 na unene wa 2 kinageuka boriti ya sentimita 35 kwa 7. Hakuna seremala anayezungushia dirisha la magazeti boriti kama hiyo. Mtazamaji hatajua skeli yako ni ipi, lakini ameona milango na madirisha tangu utotoni, na kingo nene atazihisi kabla hajaweza kusema kasoro iko wapi.

Paa ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu ushauri wa katoni unasambazwa kila mahali kana kwamba ni siri ya ufundi. Katoni ya kawaida ina milimita 7 hivi kutoka mgongo hadi mgongo. Mara 35, ni sentimita 24 na nusu. Bati la migongo lililozoeleka lina milimita 76, yaani kwa skeli yako milimita 2.2 tu. Migongo yako imezidi mara tatu! Unene nao umepotoka vibaya zaidi: bati la nusu milimita, kwa 1:35, linabaki milimita 0.014. Foili ya jikoni ina unene kati ya milimita 0.01 na 0.02. Kwa hiyo foili ndiyo bati lako. Gundisha nyaya zilizonyooka za milimita 1 juu ya kipande kigumu cha plastiki, kila moja ikiwa milimita 2.2 kutoka katikati ya mwenzake. Laza foili juu yake, isugue taratibu kwa kijiti butu, anzia katikati ukielekea pembeni isije ikachanika. Ipake gundi nyeupe nyembamba upande wa chini ipate ugumu. Kisha kata bati moja moja na uyapandanishe, kila moja likilalia mwenzake kwa mgongo mmoja, kama paa linavyoezekwa. Paa la kipande kimoja kizima hujulikana mara moja.

Kuta zijenge upya kwa shiti ya staireni, plastiki nyembamba ya wajenzi wa modeli, ya milimita 0.75. Mara 35 ni milimita 26, ubao halisi kabisa. Ikilegea, iimarishe kwa ndani kusikoonekana. Huko weka unene wowote unaotaka. Mistari ya mbao ikwaruze kidogo tu. Fremu ya sentimita 10 kwa 5 ikate milimita 2.9 kwa 1.4, na tumia kalipa, kifaa cha kupimia unene kwa sehemu ndogo za milimita, rula haitoshi hapo.

Kuhusu kujipinda: gundi nyeupe ina maji. Karatasi ya upande mmoja ililowa ikatanuka, ilipokauka ikajikaza na kuvuta bodi. Unachobandika au kupaka upande mmoja, kifanye na upande wa pili, ukandamize kwa kitu kizito bapa hadi pakauke kabisa.

Sasa huo ushauri wa kutu na vumbi. Anayekuambia uchafu utaficha kosa hajawahi kuangalia uchafu unafanya nini. Maji ya rangi hutiririka na kutuama kwenye pembe, yakachora kila ufa na kila kiungo. Brashi kavu, yaani iliyofutwa ikabaki na rangi kidogo tu, hugusa kingo tu na kuzing'arisha. Ukuta wako mnene ukishachakazwa hivyo utatangaza unene wake mara mbili. Na uchafu wenyewe una skeli: mchirizi wa kutu wa milimita 3 ni mchirizi wa sentimita 10 na nusu.

Nawasihi pia wanaotafuta michoro ya kuchapisha na kukatia vipande vya jengo, kwa sababu ugonjwa ni huohuo. Wapo wanaotoa mchoro mmoja wa 1:35 na kusema upunguze hadi asilimia 48.6 upate 1:72. Mistari itapungua kweli. Bodi yako haitapungua. Tundu lililochorwa kupokea bodi ya milimita 3 litakuwa milimita 1.5, kipande hakitaingia. Ukilipanua kwa kisu, kuta zinakutana pasipo mahali pake na paa halikai. Ukifaulu hata kuligundisha, bodi ileile ya milimita 3 sasa ni ukuta wa sentimita 21 na nusu. Anayeuza mchoro wa namna hiyo kama wa "skeli zote" hajaujenga kwa skeli zote. Kabla ya kuchapisha, tafuta palipoandikwa unene wa malighafi. Pasipoandikwa, chukua vipimo vya jengo lenyewe, pima kwa kalipa shiti uliyonayo, kisha chora viungo upya kufuata unene huo.