Wasomaji Wanauliza: Garimoshi la Brocken Wakati wa Baridi

SWALI: Mhariri, mimi ni mstaafu wa reli hapa Tanga. Binti yangu anayesoma Göttingen, Ujerumani, amenialika nimtembelee mwezi wa Januari, naye amependekeza tupande garimoshi la mvuke hadi kilele cha mlima Brocken. Nasikia kilele hicho hufunikwa na ukungu karibu mwaka mzima, tena reli yake haina meno ya kuzuia treni isiteleze mlimani. Je, ni busara kupanda huko penye theluji, au ningoje kiangazi?
Mstaafu, Tanga

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Habari za ukungu ni za kweli: Brocken, mlima wenye kimo cha mita 1,141 katika milima ya Harz, huwa na ukungu kwa zaidi ya siku 300 kwa mwaka, kwa hiyo anayefuata mandhari ya kileleni huenda akarudi bila kuiona. Kwako wewe uliyeishi na reli, hata hivyo, tunashauri uende Januari hiyohiyo, kwa kuwa cha kutazamwa hasa ni garimoshi lenyewe. Mvuke utokao kwenye dohani hauonekani mpaka ukutane na hewa baridi ukageuka matone madogo. Ndiyo maana siku za joto hutoweka upesi, lakini wakati wa baridi hutanda mweupe juu ya mabehewa. Isitoshe, kiangazi kikiwa kikavu na hatari ya moto wa misitu ikizidi, vichwa vya mvuke huweza kupumzishwa na safari zikaendeshwa kwa dizeli, jambo ambalo bila shaka lingekuudhi.

Meno si lazima. Mwinuko mkali kabisa wa njia hiyo ni mita moja kwa kila mita 30, na vichwa vingi vinavyoupanda, vilivyojengwa Babelsberg katika miaka ya 1954 hadi 1956, vina ekseli tano za kuvuta kila kimoja. Reli ikiteleza, dereva humwaga mchanga mkavu mbele ya magurudumu. Upana wa reli ni mita moja, sawasawa na wa njia ya Tanga ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, kwa hiyo vipimo vyake hutavionea ugeni.

Kinachoishinda treni ni upepo. Karibu na kilele hakuna miti ya kuukinga, na theluji hupeperushwa hadi ikafukia reli. Siku kama hizo safari huishia Schierke, kituo cha mwisho kabla ya kilele. Binti yako aulize hali ya njia asubuhi ileile kabla ya kukata tikiti.

Pandeni Wernigerode, mji ulio chini ya mlima, ingawa Schierke ni karibu zaidi na kilele, maana mkianzia Schierke mtakikosa kituo cha Drei Annen Hohne, ambako kichwa hunywa maji nawe unaweza kushuka ukamwangalia mtia makaa akitayarisha moto kwa ajili ya mlima. Safari nzima huchukua takriban saa moja na dakika 40. Ndani ya behewa hutapata baridi, kwani mvuke wa boila hupitishwa kwenye mabomba ya kupasha joto. Roshani zilizo wazi kwenye ncha za mabehewa ndizo zenye raha zaidi kwa masikio, lakini vaa koti zito, kofia na miwani, kwa sababu masizi huruka.

Njiani utaona misonobari mingi iliyokauka, iliyouawa na ukame na wadudu wa magome. Utapita pia mahali ambapo raia hawakuruhusiwa kufika tangu 1961, kilele kilipokuwa eneo la kijeshi mpakani mwa Ujerumani Mashariki, hadi ukuta wa Berlin ulipoanguka. Treni za abiria zilirejea 1991. Wala usigombanie dirisha la upande fulani: reli huuzunguka mlima kabla ya kufika kituoni, kwenye mita 1,125, hivyo kila upande hupata zamu yake.