Je, sindano ya vichocheo vya ukuaji huunga ligamenti ya goti iliyokatika?

SWALI: Daktari, nina miaka 26 na nacheza mpira. Wiki tatu zilizopita niligeuka ghafla uwanjani, nikasikia goti likilia "pa!", likavimba siku ile ile. MRI imeonyesha ligamenti ya upande wa ndani, MCL, imechanika kiasi, na ile ya katikati, ACL, imekatika kabisa. Nasikia kuna sindano ya damu yangu mwenyewe yenye vichocheo vya ukuaji. Nikichomwa, nitakwepa upasuaji?

JIBU: Pole sana. Una majeraha mawili ya ligamenti, zile kamba imara zinazounganisha mfupa na mfupa, na hayaponi kwa namna moja.

Vichocheo vya ukuaji ni protini ambazo seli hutumia kupashana habari: njoo hapa, gawanyika, tengeneza kolajeni, yaani protini ya nyuzi inayojenga ligamenti. Ligamenti ikichanika, damu huganda penye jeraha, na chembe sahani, vipande vidogo vya damu vinavyosaidia kuigandisha, zilizonaswa kwenye bonge hilo humwaga vichocheo vya kwanza, kama PDGF na TGF-beta. Sindano uliyosikia, PRP, huongeza nguvu hapo. Damu yako huzungushwa kwa kasi hadi ijitenge: nyekundu chini, utando mwembamba mweupe katikati, maji ya manjano juu. Chembe sahani hukusanywa, kisha huchomwa kwenye jeraha.

Lakini huo ni ujumbe tu, si gundi. Chembe sahani zikishaamshwa humwaga sehemu kubwa ya shehena yake ndani ya saa moja hivi, ilhali ligamenti huchukua miezi mingi kubadili kolajeni dhaifu ya aina ya III kuwa ile imara ya aina ya I. Tena seli zinazoitwa zinahitaji mahali pa kushika.

ACL hukwama hapo. Imezungukwa na ute wa goti, na bonge la damu huyeyuka kabla halijaziba pengo. Ninapovuta damu kwenye goti lililovimba kama lako naiona kwenye bomba la sindano: nyepesi, haigandi vizuri. Vichocheo ukivichoma humo havina pa kukaa. Kwa hiyo ACL iliyokatika kabisa usitegemee iungwe na sindano peke yake.

Daktari wa upasuaji wa mifupa Martha Murray na wenzake huko Boston waliitafutia hali hii dawa: sponji ya kolajeni iliyoloweshwa damu ya mgonjwa, ikawekwa kati ya ncha mbili za ACL. Marekani iliiidhinisha mwaka 2020, wakati huo kwa jeraha lisilozidi siku 50. Nayo huwekwa kwa upasuaji.

MCL yako ina bahati zaidi. Iko nje ya ute ule, ina damu ya kutosha, na mara nyingi hupona kwa kifunga goti na mazoezi tiba. Kwa sungura, PDGF iliyochomwa mapema iliongeza uimara wa MCL. Kwa binadamu majibu ya PRP yanapingana, kwa sababu pia kila kliniki huitayarisha kivyake. Mimi ningetanguliza mazoezi. Nyuzi za kolajeni hujipanga kufuata mvuto unaozipata, na hilo hakuna sindano inayolifanya.

Usikubali vichupa vya vichocheo vilivyosafishwa, kama IGF-1: kwa mchezaji vimepigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, ingawa PRP inaruhusiwa tangu 2011. Wiki hii onana na daktari wa upasuaji wa mifupa, umpe picha za MRI zenyewe, si ripoti tu, na umuulize kama vipande vya ACL vimebaki virefu kiasi cha kushonwa.